Kukuza vifaranga wa diskasi kwa shindano la marafiki: miezi sita ya ndoo na rula

Ukimweka diskasi kando ya perege, mtu hatakubali kuwa ni ndugu. Mmoja ni bapa na mviringo kama chapati iliyosimamishwa kwa ubavu, mwingine ni samaki wa kawaida wa kukaanga. Lakini wote ni wa familia moja, Cichlidae, pamoja na sato, furu, na wale samaki wa rangirangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wanaosafirishwa kwenda kupamba nyumba za watu Ulaya. Kinachowatenganisha ni ustahimilivu. Perege utamwacha kwenye dimbwi la tope na atazaa humo humo. Diskasi mchanga wa sentimita 5 ukimkosea kwa wiki chache tu anadumaa, na akishadumaa, hata umlishe nini baadaye, hafikii umbo lake.

Kwao ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, kwenye maji laini yenye uvuguvugu. Johann Jakob Heckel alimwandika kisayansi mwaka 1840, na jina la jenasi yake ni Symphysodon. Wazazi hulisha watoto kwa ute wa ngozi yao: vifaranga wadogo kabisa huwazunguka baba na mama wakidonoa ubavuni. Wewe utawapokea wakiwa wameshaachishwa ute huo, na kuanzia hapo mzazi ni wewe.

Shindano lenyewe halina makuu. Marafiki wanachukua vifaranga wa uzao mmoja, siku moja, idadi sawa. Kila mmoja anawakuza kwake kwa miezi sita, na kila mwezi anapiga picha na kuleta vipimo. Sisi tulikuwa watano, wanne Dar es Salaam na mmoja Nairobi. Hapakuwa na fedha mezani. Adhabu ya aliyeshika mkia ilikuwa kuwapikia wenzake pilau.

Faida ya kukuza kwa pamoja ni kwamba samaki wote ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwangu wakiwa sentimita 10 na wa mwenzangu sentimita 8, siwezi kusingizia mbegu. Kilichobaki ni mkono wa mfugaji. Na kwetu, mpangilio wa kwanza hadi wa tano haukufuata bei ya chakula wala ukubwa wa filta. Ulifuata idadi ya ndoo za maji zilizobadilishwa. Nalisema hilo mapema ili usije ukafika kwenye sehemu ya chakula ukadhani ndiyo siri.

Masharti kabla ya samaki

Kaeni mkubaliane kabla ya mtu yeyote kulipia. Chukueni samaki wanane kila mmoja. Wakipungua sita, mbabe mmoja anawaonea wenzake mpaka wanaacha kula. Wakiwa wengi, kipigo kinagawanyika. Wagawaneni kwa kura na si kwa macho, maana mwenye jicho atachota wakubwa wote.

Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Urefu uanzie ncha ya mdomo hadi mwisho wa pezi la mkia. Bandika rula ya plastiki kwenye kioo cha mbele kwa ndani, subiri samaki apite sambamba nayo, piga picha. Njia nyingine, iliyo sahihi zaidi, ni kumweka kwenye kiboksi chembamba cha plastiki chenye maji ya tangi lake, dakika moja tu, siku ya kubadilisha maji. Msipime kwa kumlaza mkononi. Ule ute unaouona kwenye viganja vyako ndiyo kinga yake ya kwanza dhidi ya vijidudu.

Hapa nina msimamo, na wenzangu wawili hawakuupenda: msimpe ushindi mwenye samaki mmoja mkubwa kuliko wote. Katika kila kundi yupo mlafi mmoja anayekua haraka hata tangi likiwa ovyo. Chukueni wastani wa wote wanane, na aliyekufa ahesabiwe kuwa sifuri. Halafu toeni alama kwa umbo. Diskasi aliyekuzwa vizuri ni mviringo, kimo chake kinakaribia urefu wake, na jicho lake ni dogo ukilinganisha na mwili. Aliyedumaa anarefuka kama yai na jicho linakuwa kubwa, kwa sababu jicho huendelea kukua wakati mwili umesimama. Ukijua kuangalia jicho, hutahitaji rula kujua nani alikuwa mvivu.

Kila mtu awe na daftari. Tarehe, joto, maji yaliyobadilishwa kwa lita, mara za kulisha, na lolote la ajabu. Daftari ndilo litakalokwambia kwamba samaki walianza kusinzia siku mbili baada ya maji ya bomba kubadilika harufu. Kichwa hakikumbuki hayo.

Tangi likae tupu

Samaki wanane wa sentimita 5 wanatosha kwenye tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Ukijaza hadi sentimita 45 unapata lita 270. Linaonekana kubwa mno mwanzoni. Mwezi wa tano utaliona dogo.

Usiweke mchanga, mawe wala mimea. Najua litapendeza, lakini chini ya changarawe mabaki ya nyama yanaoza usipoyaona. Kioo kitupu kinakuonyesha kinyesi, chakula kilichobaki, na rangi ya kinyesi chenyewe, jambo utakalolihitaji baadaye. Paka rangi nyeupe au ya samawati hafifu chini ya tangi na nyuma, kwa nje. Ukichagua nyeusi, aina zenye damu ya ile inayoitwa Pigeon Blood, iliyotoka Thailand, zitatoa vidoa vyeusi kama mtu aliyemwagiwa masizi. Samaki hujirekebisha kulingana na mandhari, na weusi ule humshushia mwenye tangi alama bure.

Filta mbili za sponji zinazosukumwa na pampu ya hewa zinatosha kabisa. Ni rahisi, hazimezi samaki wadogo, na zikichafuka unazikamua. Mbili, ili siku ya kusafisha moja nyingine ibaki na bakteria wake. Hita ya wati 300 yenye kidhibiti joto inafaa Dar, ambako mwezi wa kwanza na wa pili huenda isiwake kabisa, lakini usiku wa Julai itafanya kazi. Mwenzetu wa Nairobi alilazimika kuweka mbili na kufunika pande tatu za tangi kwa stairofomu. Weka kipimajoto cha pembeni, usiamini namba iliyoandikwa kwenye hita. Lengo ni nyuzi 29 hadi 30 za Selsiasi.

Sasa subira. Filta mpya haina bakteria wa kula amonia, na samaki wakiingia siku hiyo hiyo wanaoga kwenye mkojo wao. Anza wiki nne hadi sita kabla. Washa hewa na joto, dondoshea amonia safi isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha pima kila siku mbili. Amonia itapanda, halafu itashuka na nitriti itapanda, halafu nitriti nayo itashuka na nitrati itatokea. Siku utakayoweka miligramu 2 za amonia jioni, na kesho yake jioni amonia na nitriti zote zikasoma sifuri, tangi liko tayari. Kuna njia ya mkato ya kuazima sponji kutoka tangi la mwenzako. Inafanya kazi, lakini unaazima na magonjwa yake pia.

Maji, maji, maji

Kwanza tuondoe hofu moja. Watu wengi wameambiwa diskasi lazima awe na maji laini yenye tindikali, basi wananunua mashine za kuchuja chumvi kabla hata ya kununua samaki. Maji ya namna hiyo yanahitajika hasa kwa kuzalisha, kwa sababu mayai hayaanguliki vizuri kwenye maji magumu. Kifaranga anayekua anataka madini, anajenga mifupa. Samaki waliozaliwa kwenye mashamba wanakaa vizuri kwenye pH (kipimo cha tindikali ya maji) ya 6.5 hadi 7.8, mradi haipandi na kushuka. Kinachoumiza ni mabadiliko ya ghafla.

Kwetu pwani kuna vyanzo viwili, bomba na kisima, na kila kimoja kina hila yake.

Bomba lina klorini. Siku nyingine haipo kabisa, siku nyingine wametia dawa mpaka chai inanuka. Mimi, nje ya shindano hili, nilipoteza samaki watatu asubuhi moja kwa kumimina maji moja kwa moja, kwa sababu tu wiki nzima iliyotangulia nilikuwa nafanya hivyo na hapakuwa na tatizo. Tangu hapo maji yote yanalala. Pipa la lita 200, jiwe la hewa linalotoa mapovu makali, saa 24. Klorini ya kawaida inaondoka. Kama mamlaka ya maji ya kwenu inatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kulaza hakutasaidia, lazima dawa. Dawa ya bei nafuu ni fuwele za thiosalfeti ya sodiamu, zile zile zinazotumiwa na wasafisha picha wa zamani. Miligramu 7 za fuwele huondoa miligramu 1 ya klorini, kwa hiyo gramu 3 kwenye pipa la lita 200 zinatosha kwa klorini ya miligramu 2 kwa lita. Kwa kloramini inabaki amonia nyuma, na hapo unaitegemea filta yako.

Kisima hakina klorini, ndiyo maana watu hukipenda. Lakini maji ya chini ya ardhi hutoka na hewa ya kaboni nyingi iliyoyeyuka, pH yake ikisoma 6.8 ndooni, na baada ya kupigwa hewa usiku kucha inasoma 7.8. Ukiyamimina mabichi, samaki wanapitia safari hiyo yote ndani ya tangi, kila siku. Pima pH yakitoka, pima tena baada ya saa 24. Zikipishana kwa zaidi ya 0.5, lazima yalale. Pia visima vingi vya karibu na bahari vimeingiwa na chumvi. Ukionja ukahisi ladha, usihangaike na kipimo, tafuta maji mengine.

Ni kiasi gani cha kubadilisha? Nusu ya tangi kila siku ndicho kiwango cha chini cha kushindana. Mshindi wetu alibadilisha asilimia 80 kila siku, na Jumapili karibu yote. Sababu si ushirikina. Samaki wanane wanaolishwa nyama mara sita kwa siku wanatoa uchafu kuliko filta inavyoweza kuumaliza. Filta hugeuza amonia kuwa nitrati, haiitoi nje. Inayoitoa nje ni ndoo. Na amonia yenyewe ni kali zaidi kadiri joto na pH vinavyopanda: kwenye nyuzi 28 na pH 7, ni chini ya asilimia 1 tu ya amonia yote iliyo katika umbo la sumu, kwenye pH 8, inafika kati ya asilimia 6 na 7. Mtu wa maji ya kisima na mtu wa maji ya mvua wanaweza kusoma namba ile ile kwenye kipimo, mmoja akalala usingizi na mwingine akaamka na misiba.

Hesabu basi ndoo zako kabla hujasema ndiyo. Nusu ya lita 270 ni lita 135, yaani ndoo saba za lita 20 zikitoka na saba zikiingia, kila siku, kwa siku 180. Mgongo utakwambia. Nunua mpira mrefu wa kutoa maji kwa mteremko hadi bustanini, na pampu ndogo ya kuzamisha ya kurudisha kutoka pipani. Migomba yangu haijawahi kunenepa kama mwaka ule.

Maji mapya yasipishane na ya tangi kwa zaidi ya nyuzi 1. Dar pipa likikaa ndani halina shida. Kule Nairobi weka hita pipani usiku.

Siku ya kuwapokea

Muulize muuzaji maswali matatu: wana umri gani, wanakula nini, na pH yao ni ngapi. Umri ni muhimu kuliko ukubwa. Kifaranga wa sentimita 5 mwenye wiki nane hadi kumi yuko sawa, lakini wa sentimita 5 mwenye miezi sita ni mzee aliyedumaa anayeuzwa kama mtoto. Angalia lile jicho. Omba uwaone wakila. Wakimkimbilia mtu anayekaribia kioo wakidhani analeta chakula, chukua. Wakijificha kona wakiwa weusi, shika njia.

Nyumbani zima taa. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano kwa nusu saa. Ila kama wamesafiri siku nzima mfukoni, usirefushe. Mfuko ukifunguliwa, hewa ya kaboni inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokusanyika njiani inageuka sumu. Hao wasawazishe joto kisha watoe haraka. Samaki waingie, maji ya mfuko yamwagwe. Siku hiyo hawali, na usijaribu.

Jambo moja lisilo na mjadala: kama una diskasi wengine nyumbani, hawa wapya wakae chumba kingine, na ndoo yao, mpira wao na kinyavu chao, wiki sita. Diskasi wa vyanzo viwili wanaoonekana wazima kabisa wanaweza kuuana wakichanganywa, kwa sababu kila kundi limezoea vijidudu vyake. Ninajua mtu aliyemwongezea mwenzake "kampani" ya samaki mmoja mzuri sana. Ndani ya siku nne tangi zima lilikuwa jeusi, samaki wamejikusanya kona moja, ute unawatoka kama ukungu.

Chakula

Wape kidogo, mara nyingi. Miezi miwili ya kwanza mara sita kwa siku, ya tatu na ya nne mara tano, kisha nne. Kila mlo uishe ndani ya dakika kumi. Ukiona kinabaki, ulizidisha, na kinachobaki kitolewe kabla hujaondoka.

Mchanganyiko wa moyo wa ng'ombe ndio mkate wao. Nenda buchani mapema uchague moyo mbichi kabisa. Kilo moja ukishaondoa mafuta, mishipa na ile ngozi ya nje unabaki na gramu 700 hivi. Usione uvivu hapo: mafuta ya ng'ombe huganda, samaki hawayasagi vizuri, na yanaelea juu ya maji kama mchuzi uliopoa. Ongeza gramu 300 za kamba waliomenywa au minofu ya samaki mweupe, mchicha fungu moja lililochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, na punje tatu za kitunguu saumu. Kamba na samaki wape moto kidogo kwanza, maana baadhi yao, dagaa wa baharini wakiwemo, wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Saga vyote hadi vilainike, changanya na jelatini isiyo na ladha iliyoyeyushwa, tandaza kwenye mifuko ya plastiki unene wa nusu sentimita, gandisha. Ukitaka kulisha unavunja kipande kama chokoleti, unakisuuza kwenye kichujio, unawapa.

Mke wangu alikubali friji, akakataa mashine yake ya kusagia. Nilinunua nyingine. Panga hilo kwenye bajeti.

Usiwape moyo peke yake. Milo miwili kati ya sita iwe chembechembe bora za dukani, kwa ajili ya vitamini na madini, na mmoja uwe artemia (vijikamba vidogo vya maji ya chumvi) au ile minyoo myekundu iliyogandishwa (ambayo kwa kweli si minyoo bali mabuu ya mdudu mfano wa mbu). Minyoo hai ya kwenye mitaro usiiguse hata kama wauzaji wanaapa wameisafisha. Imekulia kwenye kinyesi na inabeba kila kitu.

Ratiba yangu kwa mtu mwenye kazi ya ofisini: saa kumi na mbili asubuhi moyo, saa moja na nusu kabla ya kutoka chembechembe, saa saba mchana dada wa nyumbani anawapa chembechembe kwa kijiko nilichompimia, saa kumi na moja na nusu moyo, saa moja usiku artemia, saa mbili na nusu moyo mara ya mwisho. Saa tatu na nusu naanza kunyonya uchafu na kubadilisha maji, ili usiku walale kwenye maji safi. Kabla ya kutoa maji pangusa kuta za ndani kwa sponji isiyojua sabuni. Ile nta laini inayojikusanya kwenye kioo ni bakteria, na usipoipangusa inaongezeka kila siku. Mara moja kwa wiki kamua sponji moja ya filta kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si bombani, maana klorini itaua bakteria uliowangoja wiki sita.

Kijiko cha dada nakitaja kwa sababu. Wiki ya pili aliwaonea huruma akawaongezea. Mtu yeyote atakayelisha kwa niaba yako mwachie vijiko vilivyopimwa kwenye vikopo, kimoja kwa kila mlo, na kopo la chakula ulifiche.

Wanapaswa kukua kiasi gani

Ukianza na sentimita 5, tarajia kama sentimita 1 hadi 1.5 kwa mwezi mwanzoni. Mwezi wa pili sentimita 7 hadi 8, mwezi wa nne 9 hadi 10, na mwisho wa sita 11 hivi kwa mkono mzuri. Mtu mzima hufika 15 au zaidi akikaribia mwaka na nusu. Mwezi mmoja ukipita bila kuongezeka hata nusu sentimita, usibadilishe chakula. Pima maji, kisha angalia kinyesi.

Wanavyokueleza hali yao

Diskasi wa asili ana milia tisa ya wima. Milia hiyo hujitokeza akikasirika au akiogopa, na hufifia akitulia. Kwa aina nyingi za kufugwa bado ni kipimajoto cha moyo wake: milia yote ikikolea mchana kutwa, kuna kitu. Aina za Pigeon Blood hazina milia, kwa hiyo kwao tazama mapezi na mahali wanapokaa.

Kinyesi kikiwa cheusi au chekundu kulingana na chakula, sawa. Kikiwa cheupe, chembamba, kinaning'inia kama uzi, na samaki anatema chakula baada ya kukitia mdomoni, shuku vimelea wa tumboni. Vimelea hao hutibiwa kwa metronidazo. Dozi ya kawaida ya tangi ni miligramu 250 kwa kila lita 40, ikirudiwa baada ya kila kubadilisha maji kwa siku 7 hadi 10, joto likiwa limepandishwa taratibu hadi nyuzi 32 na hewa ikiongezwa. Samaki akipumua kwa shavu moja huku jingine limefungwa, akijikwaruza kwenye filta, hao ni minyoo ya kwenye matamvua, na dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 2.5 kwa lita, ikirudiwa baada ya wiki. Kama yuko daktari wa mifugo karibu yako mwenye hadubini, mpelekee kinyesi kibichi kabla ya kutia dawa yoyote. Kutibu kwa kubahatisha ndiko kunakozaa vimelea sugu.

Lakini kati ya kesi kumi zilizoletwa kwenye kundi letu la simu na picha za kutisha, nyingi zilipona kwa kubadilisha maji asilimia 80 siku tatu mfululizo. Anza hapo.

Mdogo kuliko wote, yule anayesukumwa, usimtoe. Mlishe upande mmoja wa tangi wakati wenzake unawashughulisha upande wa pili. Akiwa anakula na kinyesi chake ni kizuri, atafuata nyuma ya wenzake. Na kwenye hesabu ya wastani yeye ndiye atakayekupandisha au kukuangusha, maana wale wakubwa wa kila mtu wanalingana.

Umeme

Utakatika. Maji ya nyuzi 30 yanashika hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na samaki wanene wanaolishwa nyama wanaimaliza upesi. Nunua pampu ya hewa yenye betri ya kuchaji inayojiwasha yenyewe umeme ukikata, uichomeke kwenye filta mojawapo. Ukiwa huna, chota maji kidogo na uyamimine juu kwa kikombe kila nusu saa, ni kazi lakini inaokoa. Usilishe mpaka umeme urudi. Joto likishuka hadi nyuzi 26 kwa usiku mmoja Dar hawafi. Filta iliyozimika kwa saa nyingi ndiyo hatari: ndani ya sponji bakteria wamekufa na maji yamenuka, kwa hiyo ikamue kabla ya kuiwasha tena.

Mwezi wa tatu umeme ulikatika kwangu kwa saa tisa wakati niko msibani Tanga. Daftari langu la wiki ile lina mstari mmoja tu: "wamebaki saba." Nilimaliza wa tatu.

Baada ya kipimo cha mwisho

Wapimeni wote siku moja, asubuhi kabla ya mlo wa kwanza, na picha zitoke na rula ikionekana. Baada ya hapo punguzeni milo hadi mitatu, maji nusu kila siku mbili au tatu, na muanze kufikiria tangi la lita 400 kwa wanane hao. Wengine wataanza kujichagua wawili wawili karibu na mwaka, wakisafisha kioo kwa midomo kama wanaotafuta chumba cha kupanga.

Usiyewataka, wape wenzako au mrudishie muuzaji. Usiwaachie mtoni wala bwawani hata kama unadhani watakufa tu. Sangara naye alipandikizwa Ziwa Victoria kwenye miaka ya 1950 na 1960, na furu wa aina mamia walitoweka baadaye. Diskasi si sangara, lakini minyoo ya kwenye matamvua yake haijui mipaka, na perege wa mtoni ni ndugu yake.